Pesa za Karura: yanayosemwa na yaliyopo

Agosti 2025 Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) lilitangaza kwamba kiingilio cha msitu wa Karura, Nairobi, kitalipwa kupitia eCitizen pekee, yaani mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni. Mitandao ikawaka moto, kesi ikafika mahakamani, na ghafla kila mtu akawa mjuzi wa hesabu za msitu. Mengi yaliyosemwa siku hizo bado yanazunguka, na baadhi yake hayana mguu wala kichwa.

"Karura ni ya Friends of Karura."

Sio. Ni msitu wa serikali, wa hekta zipatazo 1,041, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Friends of Karura, iliyoanza 2009, ni chama cha jamii cha msitu. Vyama vya namna hiyo vilipewa nafasi na Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Chama hakipewi hatimiliki. Kinatia saini mkataba na KFS, kinakubaliana nalo mpango wa usimamizi, kisha wanashirikiana kuutekeleza. Kwa hiyo waliolia kwamba serikali "imenyakua msitu" walikosea shabaha. Kilichogombaniwa ni mkondo wa pesa, na hilo peke yake ni zito vya kutosha.

"Kutunza msitu ni kupanda miti."

Hii ndiyo dhana iliyotuponza zaidi, na serikali yenyewe imeichochea. Lengo la kitaifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Wafadhili nao wanapenda miche. Kuna fulana, kuna picha, kuna idadi ya kuandika kwenye ripoti. Nani atapigwa picha akimlipa kibarua wa kung'oa lantana?

Na lantana ndiyo kazi yenyewe. Mmea huu ulioletwa kutoka Amerika una maua ya kupendeza na tabia mbaya. Ukiukata juu, kisiki kinachipua. Ukiuacha uzae, ndege wanakula matunda na kusambaza mbegu kila pembe. Sharti ung'olewe na mizizi, halafu watu warudi palepale mvua zinazofuata kung'oa machipukizi, na tena zile za baadaye. Chini ya kichaka hicho mche wa mti wa asili kama muhugu au mutamaiyu hauoni jua. Mahali ambapo mikaratusi ya zamani imevunwa ili miti ya asili irudi, hali ni hiyohiyo: shimo la kupandia ni la asubuhi moja, palizi ni ya miaka.

Ongeza uzio wa umeme. Ulijengwa kwa michango ya kampuni na watu binafsi, na ndio uliosaidia kugeuza Karura kutoka mahali pa kuibiwa na kutupiwa maiti hadi mahali pa kupeleka watoto Jumapili. Lakini uzio wa umeme sio ukuta wa mawe. Nyasi zikirefuka zikagusa waya, umeme unavuja. Tawi likianguka, kuna pengo. Lazima awepo mtu wa kupita kando yake na panga kila mara, na mtu huyo anataka mshahara mwisho wa mwezi, mwezi wenye wageni na mwezi wa mvua usio na wageni. Msaada wa mara moja unajenga uzio, haumlipi huyo.

"Nikilipa getini nimeshauchangia msitu."

Inategemea shilingi yako inalala wapi. Kabla ya tangazo lile, mapato ya geti yalikuwa yakilipia skauti (walinzi wa msitu), vibarua na ukarabati wa msitu huohuo, kwa mapatano ya chama na KFS. Pesa ikiingia eCitizen inaingia kwanza mfuko wa serikali, na swali linakuwa itarudi kiasi gani, na lini. Skauti hawezi kungoja mgao ucheleweshwe kama unavyocheleweshwa wa kaunti.

Kuna waliodai kwamba waliopinga eCitizen walikuwa wanakimbia malipo ya kidijitali. Hoja dhaifu. Karura ilikuwa inapokea M-Pesa kitambo. Uwazi, kwa maoni yangu, ni dai la haki kabisa kwa pande zote mbili, ila uwazi unapatikana kwa hesabu zilizokaguliwa na kuchapishwa, hata pesa zikikaa karibu na msitu.

"Ni uwanja wa matajiri."

Ukiangalia magari ya Jumamosi, utaamini. Muthaiga, Runda na Gigiri zimeuzunguka. Lakini kijiji cha Huruma nacho kimepakana nao, na vijana wa vijiji jirani ndio wameajiriwa kuulinda. Kero ya kweli ni kiingilio kwa familia yenye watoto wanne, na hiyo inafaa ijadiliwe bila kejeli.

"Hewa ukaa italipia yote."

Mfano unaotajwa ni Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, inayouza hati za hewa ukaa (mnunuzi analipia kaboni inayohifadhiwa na miti) tangu muongo uliopita kutokana na hekta 117 za mikoko. Pesa zimefika kwenye maji na shule. Ila mikoko huhifadhi kaboni nyingi sana kwenye tope lake, na gharama za kupima na kukaguliwa ni kubwa kwa msitu wowote mdogo. Tena mnunuzi atauliza: msitu uliolindwa kisheria tangu 1932 ungekatwa kweli bila pesa zangu? Kwa Karura swali hilo lina jibu la kuaibisha. Miaka ya 1990 sheria ilikuwepo, na bado vipande vyake viligawiwa wajenzi, hadi mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda na miche na kupigwa getini Januari 1999.