Kupima mimea kwa picha: maana yake nini?

Mkulima wa mahindi hujua shamba lina kiu pale majani yanapojikunja mchana kama mkeka. Kasoro ya dalili hiyo ni kuchelewa: jani likijikunja, mmea umeshateseka kitambo. Kupima mimea kwa picha ni mbinu ya kuwahi kabla ya hapo. Kamera hupiga, kisha kompyuta hugeuza kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, kuwa namba: joto la jani, ukijani wake, kimo cha mmea.

Kinachopimwa huitwa fenotipu, neno alilolianzisha Mdenmaki Wilhelm Johannsen mwaka 1909. Ni sifa za mmea zinazoonekana au kupimika, zitokanazo na urithi wake pamoja na mazingira ulimokulia.

Mfano mzuri ni kamera ya joto. Jani lina vitundu vidogo mno, stomata. Vikiwa wazi, mvuke hutoka na jani hupoa, kwa sababu ileile inayopoza maji ya mtungini. Udongo ukikauka, mmea huvifunga ili ubane maji uliyo nayo, na jani hupata joto. Jicho bado linaona kijani kilekile. Kamera imeshaona nyuzi joto zikipanda.

Kamera nyingine hulinganisha mwanga mwekundu, ambao umbijani, rangi ya kijani ya jani, huufyonza, na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo jani lenye afya huirudisha kwa wingi. Pengo hilo likipungua, kuna jambo.

Wanaonufaika zaidi ni watafiti wa mbegu. Kituo cha utafiti cha Kiboko, Makueni nchini Kenya, hujaribu mahindi kwa kupunguza umwagiliaji ili ukame uyakute yanapochanua, wakati yanapodhurika zaidi. Kupita na kipimajoto mmea kwa mmea ni kujidanganya: ukifika mstari wa mwisho, jua limesogea na wingu limepita, hulinganishi tena vitu vya aina moja. Droni, kindege kisicho na rubani, hupiga picha vitalu vyote vya majaribio karibu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, picha hudanganya pia. Udongo mtupu katikati ya mistari huwa wa moto, na ukichanganyika na majani kwenye pikseli, mmea mzima huonekana mgonjwa. Tena jani baridi si lazima liwe la mbegu bora. Huenda mizizi yake imefika chini kwenye unyevu. Huenda pia mmea unatapanya maji yatakayohitajika wiki mbili baadaye. Ndiyo maana kitalu hupigwa picha mara nyingi msimu mzima, na mavuno bado hupimwa kwa mizani.