Kubwaga si kutua

Jumatano jioni, kwenye jimu yetu, kijana mmoja alivuta chuma cha kilo 140 kutoka chini, vizuri kabisa: mgongo umenyooka, magoti yamefunga. Alipofika juu akafungua vidole. Chuma kikashuka peke yake. Pleti zetu ni za chuma kitupu, zimekatwa na mafundi wa hapahapa Katwe, Kampala, na sakafu ni zege lenye raba nyembamba juu yake. Fundi cherehani aliye upande wa pili wa ukuta alipiga kelele. Nilipomfuata kijana, akanijibu kwa adabu: "Kocha, wenye nguvu duniani ndivyo wanavyofanya."

Ni mara ya tatu mwezi huu kuambiwa hivyo, na kila mara ni mtu tofauti. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Hawafanyi hivyo. Eddie Hall, mmoja wa hao wenye nguvu, aliponyanyua kilo 500 kule Leeds, Uingereza, mwaka 2016, alikuwa amejifunga kwenye chuma kwa mikanda ya mkononi. Hafþór Björnsson wa Iceland naye alijifunga alipovuta kilo 501 mwaka 2020. Mtu aliyejifunga namna ile hawezi kufungua vidole na kuondoka. Chuma kikidondoka, mabega yake yanakifuata. Hall alitokwa na damu puani siku ile, na hata hivyo mikono yake ilishuka pamoja na chuma. Kishindo mnachokisikia kwenye video za simuni ni kilo 500 zikigusa chini. Uzito ule hauwezi kutua kimya.

Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa jambo hili, ila jimu tunayatupa yote kwenye "kuangusha". Kubwaga ni kutupa kwa makusudi. Kudondosha ni kuponyokwa. Kutua ni kuuweka mzigo chini. Mimi huongeza la nne: kusindikiza. Mtazameni mpagazi wa soko la Owino mwenye gunia la maharage. Halishushi polepole kama mtoto aliyelala, wala halirushi. Anainama kidogo, gunia linateleza begani, na mkono bado umeshika shingo ya gunia mpaka liguse chini. Ndivyo chuma kinavyoshuka: nyonga zirudi nyuma kwanza, chuma kikae karibu na mapaja, vidole vibaki vimefungwa mpaka pleti ziguse sakafu. Kwenda haraka ni ruhusa. Kuachia si ruhusa.

Zamani niliwalazimisha wanafunzi wangu kuhesabu mpaka tatu wakati wa kushusha. Kwa vyuma vizito nimeacha, kwa sababu niliona migongo ikipinda njiani kurudi, pale ambapo mtu anadhani kazi imekwisha. Kwa wanaoanza bado nasitasita. Wengine hujifunza njia ya chuma kwa kushusha polepole. Wengine huchoka tu, wakaharibu hata kuvuta kwenyewe. Siku hizi namwangalia mtu kwanza, ndipo naamua.

Sheria za mashindano ziko wazi. Kwenye powerlifting, mchezo wa kuchuchumaa na chuma, kukisukuma kutoka kifuani na kukivuta kutoka chini, ukiachia chuma cha kuvuta kabla hakijafika chini, umekosa. Kwenye unyanyuaji wa Olimpiki unasubiri ishara ya kushusha, na huachii mpaka chuma kipite mabega, tena juu ya jukwaa na kwa pleti za raba.

Kuna mahali kubwaga ni sahihi. Iron Biby wa Burkina Faso aliweka rekodi ya dunia mwaka 2021 kule Glasgow kwa kusukuma gogo la chuma la kilo 229 juu ya kichwa. Gogo la namna hiyo hulirudishi kifuani kwa hiari. Unaliachia kwenye magodoro na kurudi nyuma. Jiwe la mviringo la mashindano ya wenye nguvu likiponyoka, liache liende, ondoa miguu, usitie vidole chini yake. Sijawahi kumgombeza mtu aliyeachia ili kuokoa mwili wake.

Sasa vifaa, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Pleti kubwa za raba zina kipenyo cha milimita 450, ziwe za kilo 10 au 25, kwa hiyo zote hugusa chini pamoja na kugawana kishindo. Ukiweka jozi moja nyembamba ya raba kisha ukajaza pleti ndogo za chuma, jozi ile inapokea mzigo wote, na itapasuka. Matairi ya lori nayo si dawa: hudunda na kurusha chuma kikarudi kwenye ugoko. Gunia la mchanga ni bora kuliko tairi.

Vyuma vyetu vina pete iliyochomelewa kuzuia pleti zisiteleze kuelekea mikononi. Kila kishindo huilegeza, na ufa huanzia ndani, mahali pasipoonekana. Siku itakapokatika, aliye chini ya chuma huenda asiwe yule aliyekibwaga.

Ijumaa kijana alirudi. Nilimpunguzia mpaka kilo 100, nikamwambia siangalii kuvuta, naangalia kutua tu. Mara ya tatu ilikuwa safi. Mara ya tano vidole vilifunguka kabla pleti hazijagusa, tukarudia. Chuma alichotumia Jumatano nimekiweka kando. Karibu na pete ya kushoto kuna mstari mwembamba kama unywele, na kesho asubuhi nampelekea fundi.