Eti tumwage sima, tumalize

Nimeitwa tena kwenye chuo kimoja hapa Bukavu. Sijashuka vizuri kwenye pikipiki, neno ni lile lile: "Injinia, tumwage sima, yaani saruji, uwanja mzima, maji yashuke ziwani, tumalize." Jamani! Ziwa liko chini, sawa. Lakini kati ya chuo na ziwa wanalala watu.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 600 likipigwa na milimita 40, hizo ni lita 24,000, na uwanja bado hatujauhesabu. Tangi wekeni, sikatai. La lita 10,000 litajaa mvua haijafika hata nusu. Yanayofurika yapite wapi? Hapo kila mtu anaangalia simu yake.

Wengine wamesoma kwenye intaneti kwamba maji ni lazima yanywewe na ardhi, basi wanachimba mashimo na kuyajaza mawe. Hawa ndio wananichosha zaidi, maana wana nusu ya ukweli. Goma, kwenye mawe ya volkano yenye matundu, chimba tu. Huku kwetu ni udongo mwekundu mzito, umeegemea mteremko, na mahali pengine ulishateleza zamani. Ukiunywesha maji nyuma ya ukuta unaouzuia usiporomoke, ukuta unabeba udongo na maji pamoja. Pale chuoni nilikuta ukuta umetoa tumbo. Vitundu vya kutolea maji vilizibwa kwa sima kwa sababu vilikuwa "vinachafua rangi". Nilitoboa kimoja kwa nondo, maji ya kahawia yakaruka hadi ndani ya kiatu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku tatu.

Vetiva, yale majani ya mizizi mirefu, nitapanda, kwa mistari inayokata mteremko. Mizizi yake hushuka hata mita 3, inashika udongo wa juu. Mlima ukikatika chini zaidi, itaondoka nao.

Nami niliwahi kuchimba shimo mita 6 kutoka ukutani, nikaona ni mbali. Baada ya miaka miwili, ufa. Shimo langu, au msingi ulikuwa mbovu tangu mwanzo? Sijapata jibu la kunilaza usingizi. Siku hizi maji ya paa nayafunga kwenye bomba mpaka kwenye mfereji wa mawe wenye ngazi, yashuke yakijikwaa.

Mhasibu ameuliza ngazi hizo zitakula mifuko mingapi ya sima. Mingi, mzee. Ile ya uwanjani itatosha.