Mbingu Zikiwa Safi, Korongo Laweza Kujaa Maji: Dhana Potofu Kuhusu Page, Arizona

Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, napokea simu ileile. Mteja niliyempangia safari ya Page, mji mdogo wa jangwani kaskazini mwa Arizona, anapiga akiwa amesimama nje ya Antelope Canyon, korongo jembamba la mwamba lililo karibu na mji huo, na kulalamika kwamba ziara imefutwa ilhali hakuna hata wingu. "Kaka, hapa jua linawaka, hawa watu wanataka kula nauli yetu tu." Nimechoka kuijibu simu hiyo mmojammoja, na ndiyo maana naandika.

Anayesema hivyo anadhani mafuriko huletwa na mvua anayoiona. Antelope Canyon ni njia ya maji. Mafuriko yaliyobeba mchanga ndiyo yaliyolichonga jabali hilo, na bado yanaitumia njia hiyo. Hata jina la sehemu yake ya juu katika Kinavajo, lugha ya Wanavajo ambao ni wenyeji wa asili wa eneo hilo, Tsé bighánílíní, maana yake ni mahali maji yapitapo katikati ya miamba, kwa hiyo wenyeji hawajamficha mgeni lolote. Bonde linalolimwagia korongo maji limeenea mbali upande wa kusini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mwamba mtupu au udongo mkavu, kiasi kwamba mvua kubwa ya muda mfupi haipati pa kuzama, bali hukusanyika na kuteremka. Maji ambayo uwandani yangelowesha vifundo vya miguu tu, yakibanwa kwenye mwanya unaoweza kuugusa pande zote kwa mikono miwili, huinuka kupita kimo cha mtu, na kuta zake laini hazina pa kushika.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini ya korongo hilo. Pale walipokuwa mvua ilikuwa haba mno. Dhoruba iliyowaua ilinyesha kilomita 11 hivi upande wa juu wa mkondo. Baada ya hapo ngazi za mbao ziliondolewa, zikawekwa za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Wala usidhani kwamba nje ya msimu wa mvua uko salama: mafuriko ya mwishoni mwa Oktoba 2006 yalidumu saa 36, na sehemu hiyo ikafungwa kwa miezi mitano. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Arizona ili anielewe, kwa kuwa Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Basi mwongozaji akisema leo hatuingii, usibishane naye. Ushauri wangu ni kukata tiketi ya asubuhi mwezi Julai na Agosti, kwa sababu dhoruba za huko hujengeka zaidi alasiri, na kubakiza siku moja ya akiba. Najua miale ya nuru inayopendwa na wapiga picha hushuka karibu na adhuhuri. Mimi ningeikosa bila kujuta.

Dhana ya pili ni kwamba pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani hufungua kila lango. Antelope Canyon si hifadhi ya taifa. Ni ardhi ya Wanavajo, ina kiingilio chake, na huruhusiwi kuingia bila mwongozaji aliyeidhinishwa. Maegesho ya Horseshoe Bend, pale Mto Colorado unapojipinda kama kiatu cha farasi, ni ya manispaa ya Page, nayo hayaitambui pasi hiyo. Itakufaa ukienda Lake Powell, ambalo wengi hulidhania kuwa ziwa la asili: ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Glen Canyon, lenye kimo cha mita 216, na yalichukua miaka 17, tangu 1963 hadi 1980, kujaa kwa mara ya kwanza. Mji wenyewe ulianza mwaka 1957 kama kambi ya wajenzi wa bwawa hilo.

Pale Horseshoe Bend, wazazi hudhani ukingo wote una uzio. Uzio uko kwenye sehemu ndogo ya kutazamia tu. Kwingineko ni mwamba wazi, na mto uko mita 300 chini. Mshike mtoto mkono.

Kuhusu saa, usiiamini simu yako. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini Taifa la Wanavajo, yaani eneo lao lenye serikali yake, na jimbo jirani la Utah hubadilisha, hivyo simu ikinasa mnara wa upande wa pili huruka saa nzima mbele. Ziara nyingi za Antelope hufuata saa za Page, ila thibitisha unapokata tiketi, kisha weka saa kwa mkono. Sisi tuliozoea kugeuza saa za Kiswahili kuwa za Kizungu tungetegemewa kulimudi hili, lakini wateja wangu bado wanachelewa.

Mwisho ni hili la jangwa kuwa joto daima. Page iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huganda. Bado kuna wanaoshuka garini mwezi huo wakiwa na ndala.