Mgambo ni Jeshi la Akiba, si askari wa kufukuza wamachinga

Malalamiko ya wahitimu wa mgambo wanaodai wameahidiwa ajira, pamoja na yale ya wananchi wanaosema wamenyang'anywa bidhaa na "mgambo", yanatulazimu sisi tunaotoa mafunzo ya mgambo kueleza upya jambo ambalo tulidhani linafahamika.

Jeshi la Akiba lina sheria yake tangu 1965, na liko chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Lilipanuka hasa baada ya Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa Februari 1971, uliotolewa wiki chache tu baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda, ambapo chama kiliamua kwamba ulinzi wa taifa usiachiwe wanajeshi wa kudumu peke yao. Uamuzi huo ulipimwa katika vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 na 1979, pale mgambo wanaokadiriwa kufikia 40,000 walipoitwa kuungana na jeshi. Wengi wao walitoka mashambani na maofisini, na hiyo ndiyo maana ya akiba.

Tangazo la mafunzo hutolewa kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya na kuwafikia wananchi kwa watendaji wa kata na vijiji. Mwombaji hutambulishwa na mtendaji wa eneo lake, hupimwa afya, kisha hukabidhiwa kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi. Kwata, silaha na usomaji wa ramani hufundishwa pamoja na masomo ya polisi, zimamoto, uhamiaji na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Cheti anachopewa mhitimu si barua ya ajira, na hili tumelisema mara nyingi kuliko inavyostahili. Waajiri, yakiwemo makampuni ya ulinzi, wanaweza kukizingatia, hawalazimiki.

Kuhusu ukamataji, sheria ya 1975 inampa mgambo aliye kazini mamlaka ya kupekua na kukamata sawa na ya konstebo wa polisi. Mamlaka hayo yanakwenda na wajibu wa kumfikisha mtuhumiwa kituoni bila kuchelewa, wala hayahusu kumpiga au kugawana mali yake. Askari wa halmashauri anayesimamia sheria ndogo sokoni, hata kama aliwahi kupitia mafunzo yetu, anawajibika kwa halmashauri iliyomwajiri, na malalamiko dhidi yake yapelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri hiyo au polisi.