Picha za Daphnis na Chloe za 1893: dhana na ukweli

Anayekutana kwa mara ya kwanza na picha za kitabu cha Daphnis and Chloe, zilizochongwa kwenye mti na kupigwa chapa, hudhani ni kazi ya Italia ya karne ya 15. Sivyo. Kilitoka London mwaka 1893, nakala 210 tu. Wachoraji Charles Ricketts na Charles Shannon waliiga kwa makusudi kitabu kilichochapwa na Aldus Manutius huko Venice mwaka 1499, kwa kupenda jinsi picha na herufi zinavyokaa pamoja ukurasani. Cha kale ni hadithi yenyewe: Longus aliiandika kwa Kigiriki, juu ya watoto wawili waliotupwa kisiwani Lesbos, mmoja akanyonyeshwa na mbuzi na mwenziwe na kondoo, wakakua wachungaji, wakapendana. Na ukiitazama vizuri karamu ya harusi, wamo marafiki wa wachoraji hao, wamekaa mezani na wageni wa Kigiriki!

Wengine huziona picha hizi rahisi, kwa kuwa ni mistari tu, vivuli vichache. Hapo ndipo kazi hii inaponyimwa haki yake. Mchongaji hakutumia ubao uliopasuliwa kwa urefu. Alichukua mti mgumu uitwao boksi, uliokatwa kwa kukingama, akauchonga upande wa kichwa cha gogo, ambako nyuzi hazimvuti mkono. Anachokiondoa hubaki cheupe. Kilichobaki juu ndicho hushika wino. Kwa hiyo kila mstari mweusi mwembamba unaouona umeachwa, haukuchorwa na chombo: mti umeondolewa huku na huku, na mkono ukiteleza mara moja mstari umekatika.

Husemwa pia kwamba mchongaji alikuwa mnakili wa kazi za wengine. Katika karakana zilizohudumia magazeti ya London, ndiyo, na Ricketts alijifunza ufundi huo Lambeth, mtaa wa London, alikokutana na Shannon. Lakini hapa waliobuni picha ndio walioshika patasi.

Tena husemwa kwamba kamera iliua uchongaji; hapo nakubali nusu. Picha zilizochapwa kwa kamera na mashine ziliwanyang'anya wanakili riziki, hasara kubwa kwa watu wa kazi. Sanaa yenyewe haikufa: mchoraji Lucien Pissarro alianzisha Eragny Press, karakana ndogo ya kuchapa vitabu, mwaka 1894, na Ricketts akafuata na yake, Vale Press, mwaka 1896.