Je, wajua kwa nini ndui iliyokwisha huogopwa kama silaha kuliko Ebola iliyopo?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa maradhi ya Marburg yamethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, na habari hiyo haikuchelewa kuvuka bahari na kuingia katika mabaraza ya Mji Mkongwe na ya Chake Chake. Maswali yalikuwa yale yale yanayozuka kila mara: je, maradhi haya yanaweza kutufikia visiwani, na je, yamekuja kwa kudra ya Mwenyezi Mungu au kuna watu waliokaa mahali wakayatengeneza yawe silaha? La kwanza halina utata, kwani aliyelala Mwanza jana anaweza kulala Unguja leo, na virusi husafiri pamoja na aliyevibeba. La pili ndilo linalostahili maelezo, na jawabu lake huwashangaza wengi. Katika hofu ya silaha za kibaiolojia, virusi vilivyowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu zaidi si vya Marburg wala vya Ebola, bali ni vya ndui, maradhi ambayo hayajapata mgonjwa hata mmoja duniani tangu mwaka 1978.

Tuanze na Marburg yenyewe. Jina lake ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulikia tumbili walioletwa kutoka Uganda. Katika mji huo, pamoja na Frankfurt na Belgrade, waliugua watu 31 na wakafa 7. Baadaye ilibainika kuwa virusi hivyo huishi ndani ya aina moja ya popo wala matunda wanaolala mapangoni na kwenye machimbo, na popo mwenyewe haugui. (Kwa ndugu zetu wa Pemba: popo wakubwa wa Kidike, ambao hawapatikani kwengine kokote duniani, ni jamii nyingine, hulala juu ya miti, na hakuna sababu ya kuwaua.) Kutoka kwa popo virusi humpata mtu mmoja, kisha humwendea anayemuuguza, anayemfulia nguo na anayemwosha akifa, kwa sababu njia yake ni damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Biharamulo walihesabiwa watu 10, baadhi wakiwa wamethibitishwa na wengine wakidhaniwa kuwa na maradhi hayo, na wote walikufa. Tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Idadi hiyo inaumiza, na hakuna anayepaswa kuipunguza kwa maneno. Lakini maradhi yanayomuua karibu kila anayeyapata si lazima yawe maradhi yanayoenea. Mgonjwa wa Marburg au Ebola huanza kuambukiza pale anapoumwa, na kwa kuwa huangushwa kitandani upesi, wanaoambukizwa huwa ni wale waliomkaribia kwa huruma, yaani mama, mke, ndugu na muuguzi. Nje ya mwili virusi hivyo haviwezi kuzaliana, na sabuni, klorini na jua kali huviharibu. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016 uliambukiza watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, lakini ulifika hapo kwa sababu ulikaa miezi bila ya kutambuliwa, hospitali hazikuwa na glavu wala wahudumu wa kutosha, na maiti ziliendelea kuoshwa kwa mikono mitupu.

Waliojaribu kuvigeuza kuwa silaha wanalijua hilo. Kikundi cha kidini cha Aum Shinrikyo cha Japani, kilichokuwa na fedha nyingi na wanasayansi wa vyuo vikuu, kilituma watu Zaire mwaka 1992 kwa kisingizio cha kusaidia wagonjwa, huku nia ikiwa ni kuipata Ebola. Hakuna ushahidi kwamba walirudi nayo. Mwaka uliofuata walirusha vijidudu vya kimeta mjini Tokyo, na hakuna aliyeugua.

Ndui ni habari nyingine. Ilipita kwa pumzi na mate ya mtu aliye karibu, iliua kiasi cha watu 3 katika kila 10 walioipata, na katika karne ya 20 peke yake inakadiriwa kuwa ilichukua roho milioni 300. Aliyeambukizwa alikaa kiasi cha wiki mbili akienda sokoni na msikitini bila ya kujijua, ndipo homa ikaanza, na baada ya homa vikatoka vipele vilivyojaa usaha usoni, mikononi na hata kwenye viganja. Waliopona waliachiwa mashimo ya uso maisha yao yote, na wengine upofu. Wazee wetu waliochanjwa bado wana kovu la duara mkononi, pana kidogo na lililobonyea. Lisichanganywe na kovu la chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto huchanjwa wanapozaliwa.

Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, bandari ya Benadir iliyowahi kuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache tu, na hiyo ikatosha. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka Somalia kuwashawishi wazazi wawachanje watoto wao polio, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kuwa ndui imetoweka, na hakuna kazi ya tiba iliyofanywa na binadamu ninayoiheshimu kuliko hiyo.

Ushindi huo ndio uliozaa hofu. Ndui ilipokwisha, chanjo yake ilisimamishwa kila nchi, kwa hiyo waliozaliwa baada ya hapo, ambao sasa ndio wengi duniani, hawana kinga nayo. Virusi vyenyewe havikuteketezwa vyote. Vimehifadhiwa kwa idhini katika maabara mbili, moja Atlanta nchini Marekani na nyengine Koltsovo nchini Urusi. Na maabara huvuja. Mwaka 1978 Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha udaktari cha Birmingham nchini Uingereza, aliambukizwa ndui katika jengo lililokuwa na maabara ya virusi hivyo, akafa mwezi Septemba. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuuliwa na ndui. Mwaka 2014 vichupa vya ndui vya tangu miaka ya 1950 vilikutwa katika stoo ya maabara moja ya serikali huko Bethesda, Marekani, na hakuna aliyekumbuka kuwa vipo.

Sheria ya kimataifa ipo. Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 ilipiga marufuku kutumia vijidudu vitani, na mkataba wa mwaka 1972, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975, ukakataza hata kuvitengeneza na kuviweka kwa ajili hiyo. Tanzania iliusaini mapema, ingawa kuuridhia kulichelewa mpaka mwaka 2019. Kilichozisukuma nchi kubwa kukubali hakikuwa huruma peke yake. Silaha ya aina hii haimtambui bwana wake. Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta mwaka 1942 kwenye kisiwa kidogo cha Gruinard huko Scotland, wakiwalenga kondoo, na ardhi ya kisiwa ikabaki na sumu hiyo mpaka kiliposafishwa na kutangazwa salama mwaka 1990. Sisi wa visiwani tunaweza kuelewa maana ya kisiwa kufungwa kwa miaka 48.

Udhaifu wa mkataba ni kuwa hauna wakaguzi wake, tofauti na ule wa silaha za kemikali. Umoja wa Kisovieti uliusaini huku ukiendesha kwa siri mradi mkubwa uliohusisha ndui na kimeta. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kiwanda cha jeshi huko Sverdlovsk na kuua watu wasiopungua 66, na serikali ikasema wamekula nyama mbovu. Ukweli ulikubaliwa mwaka 1992, chini ya Rais Boris Yeltsin. Kwa hiyo anayeuliza barazani kama serikali zinaweza kusema uongo juu ya mambo haya hakosei kuuliza.

Anakosea anaporuka kutoka kwenye swali hadi kwenye hukumu. Mwezi Septemba 2014, katika kijiji cha Womey nchini Guinea, watu wanane wa msafara uliokwenda kuelimisha juu ya Ebola waliuliwa na wanakijiji walioamini kuwa wageni ndio wanaoyaleta maradhi. Chanzo cha mlipuko hujulikana kwa uchunguzi, hasa kwa kusoma vinasaba vya virusi na kuvilinganisha na vilivyokwishajulikana. Ebola ilipozuka tena Guinea mwaka 2021, vinasaba vilionyesha kuwa virusi vile vilifanana mno na vya mlipuko wa zamani, maana yake vilikuwa vimejificha miaka yote katika mwili wa mtu aliyepona. Historia yetu nayo inasema hivyo hivyo. Kipindupindu, ambacho ni cha bakteria na si cha virusi, kiliingia Unguja mwaka 1869 kwa njia ya misafara ya bara na vyombo vya pwani, kama alivyoeleza daktari James Christie aliyekuwa akiishi mjini, na hakukuwa na adui aliyekituma. Jengo la Changuu lililokusudiwa kuwa jela liligeuzwa karantini ya abiria wa meli kwa hofu ya maradhi ya aina hiyo, yanayokuja na biashara.

Uamuzi wa kuviteketeza virusi vya ndui vilivyobaki umeahirishwa na Shirika la Afya Duniani mara kadhaa tangu miaka ya 1990. Wanaotaka vibaki husema vinahitajika kutafutia dawa na chanjo bora. Wanaotaka viteketezwe husema kila siku vinapokuwepo ni siku ambayo Birmingham inaweza kujirudia. Mimi niko upande wa pili, kwa sababu chanjo ya ndui hutengenezwa kwa virusi vya jamii yake visivyo na hatari hiyo, si kwa ndui yenyewe. Chanjo hiyo ndiyo inayotumika sasa dhidi ya mpox, ndugu yake ndui, ambayo imepata nafasi barani Afrika kwa kiasi fulani kwa sababu kinga ya chanjo ya zamani imebaki kwa wazee tu, na ambayo Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake mwezi Machi 2025.